Petroli, Betri na Masikio ya Kassim

Vijana mnaokuja kwangu Mbwawa kuniuliza mnunue mashine ya kufyekea ya petroli au ya betri, mna tabia moja mbaya. Mnakuja mmeshanunua. Mashine imefungwa nyuma ya bodaboda, boksi halijafunguliwa, halafu mnanikalisha barazani na kuniuliza, "Bibi, ipi nzuri?" Hamtaki jibu, mnataka kusifiwa. Mimi Nyamizi sikuumbwa kusifia maboksi. Nimefyeka miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu: viwanja vya shule, kando ya barabara kule Visiga, na zaidi ya yote mikuza, yaani ile njia inayoachwa wazi chini ya nyaya za umeme, kutoka huku Kibaha hadi ndani kabisa Kisarawe. Niliacha kazi magoti yalipogoma. Leo nawajibu wote kwa mkupuo, ili Jumapili mniache nilale.

Naanza na watu wa petroli, maana ndio wenye kelele.

Mtu wa petroli anapenda mashine yake imtese. Asubuhi anailaza chini, anaikanyaga, anavuta kamba. Haiwaki. Anavuta tena. Anavua shati. Watoto wa jirani wanakusanyika. Anafungua choki, anafunga choki, anaitukana mashine na aliyemuuzia, anavuta mpaka bega linataka kuchomoka, na muda wote huo petroli imeshaloweka plagi, haiwezi kuwasha hata njiti. Ikija kuwaka kwa bahati, anatazama huku na huku aone nani kamwona. Mwulize kwa nini haikuwaka mara ya kwanza, atakwambia mashine imara ndivyo zilivyo. Uongo mtupu. Haiwaki kwa sababu kiangazi kilipoingia na majani yakakauka, bwana mkubwa aliitupa stoo na mafuta yake ndani, na petroli ikakaa kwenye kabureta mpaka ikageuka gundi. Ukitaka kuiweka mashine ya petroli, mwaga mafuta yote kwenye tangi, kisha iwashe iungurume mpaka ijizimie yenyewe. Kazi hiyo haizidi muda wa kunywa kikombe cha chai, na sijaona mwanaume hata mmoja aliyeifanya bila kusimamiwa.

Mambo hayo nilifundishwa na Kassim. Huyu Kassim ni Mzaramo wa Kisarawe, na mimi ni Mnyamwezi niliyekuja pwani kwa kumfuata mume. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Nyinyi mliokulia nyumba za kupanga mnadhani utani ni vichekesho vya kwenye simu, kwa hiyo niwaeleze. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wenu, akalala mbele ya jeneza, akasema halitoki mpaka apewe chake, na huruhusiwi kununa. Siku yangu ya kwanza kazini Kassim aliniona nimeshika fyekeo la mkono, akawauliza wenzake kwa sauti nani kamleta mpagazi, kwa kuwa babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara hadi pwani. Nikamjibu nimekuja kuchukua mzigo ambao babu yake alituibia njiani. Watu wakacheka, yeye akacheka kuliko wote, na kuanzia siku hiyo akanichukua upande wake na kunifundisha mashine.

Kassim alitibu mashine kwa sikio. Sisi wengine tulifungua, tukapuliza, tukachokoa na waya. Yeye aliinama kidogo, akafumba macho, akasema, "Hii inakunywa kupita kiasi," au, "Hii inakosa hewa, mmeacha kuosha chujio." Mara nyingi alikuwa hata hajashuka kwenye gari. Watu walimletea mashine kutoka Mlandizi na kwingineko, wakaziwasha mbele yake, wakasimama kwa adabu wakingoja hukumu. Alinifundisha na mimi kusoma plagi: ikiwa nyeusi na imelowa, umezidisha oili kwenye petroli au hewa haipiti, ikiwa nyeupe na kavu, oili haitoshi na injini yako iko njiani kwenda kaburini, ikiwa ya kahawia, funga urudi kazini. Alinifundisha kuloweka uzi wa nailoni, ule unaokata majani badala ya kisu, kwenye ndoo ya maji kabla ya kuufunga, ili usikatike ovyo ukigusa jiwe. Na alinifundisha kwamba kile kichwa cha chini, chenye gia zinazozungusha kisu, kinataka grisi. Hiyo andikeni mikononi mwenu, maana kichwa hicho kipo kwenye mashine ya petroli na kipo kwenye ya betri, na pande zote mbili zinakisahau kwa usawa.

Sasa niwaambie habari za masikio. Mkandarasi wetu alituletea vifuniko vya masikio, vile vikubwa vyekundu. Tulivivaa siku wageni walipokuja kupiga picha. Wageni walipoondoka, mwenzetu mmoja akabaki na vyake kwa ajili ya asubuhi za baridi, mwingine akawapelekea watoto wachezee urubani, na mimi nilichomoa sponji la ndani nikasugulia masufuria. Kassim hakuvaa hata kwa ajili ya picha. Alisema daktari hazibi masikio anapopima moyo wa mgonjwa. Tuliona amesema neno kubwa sana. Kwenye mkuza hatukuitana kwa majina, maana nani angesikia? Ukimtaka mwenzako uliokota donge la udongo ukamtupia mgongoni, na kila mmoja wetu alirudi nyumbani mgongo mwekundu.

Basi hao ndio mashujaa wa petroli, na mimi nimo.

Watu wa betri nao msicheke. Nilikutana nao kupitia Denis, kijana wa Bukoba aliyejenga jirani yangu, mtu wa ofisini, anayeondoka alfajiri kwenda Dar na kurudi giza limeingia. Denis alianza na petroli. Aliijaza petroli tupu, kwa moyo mweupe kabisa, bila tone la oili ya kuchanganya, na injini ikanoki kabla hajamaliza majani ya ukuta wa mbele. Alikuja kwangu ameibeba mkononi.

"Shikamoo mama. Nimeiua?"

"Marahaba mwanangu. Umeiua, na umeichinja bila kusoma dua."

Akacheka mpaka akakaa chini, na kwa hilo nikampenda, maana wengine wangemlaumu muuzaji. Kisha akaenda kununua familia nzima ya betri: mashine ya kufyekea, msumeno, na kitu kingine ambacho sikuwahi kukiota, mashine ya kupuliza majani yaliyodondoka. Kibaha hii! Majani gani? Tuna mchanga. Aliwasha dude lake siku moja tu, na mchanga wote wa uwanja wake ukahamia kwenye kanga zangu zilizokuwa kambani. Mkewe alikuja kesho yake kunifulia huku akiomba radhi, na mashine ile ya kupuliza haijatoka stoo tena.

Mtu wa betri ana ibada zake. Betri inalala sebuleni karibu na televisheni, imefunikwa kitambaa. Kila akipita anabonyeza kitufe ahesabu taa. Umeme ukikatika anahangaika, mwisho anawasha jenereta. Jenereta linanguruma, moshi unaingia kwa majirani, watu wanashindwa kusikia taarifa ya habari, na yote hayo ili kesho yeye afyeke kimyakimya. Na akishafika shambani na hiyo mashine yake tulivu, anafanya nini? Anachomeka spika za simu masikioni, anafungulia muziki mpaka mimi niliye upande wa pili wa uzio najua wimbo gani unapigwa. Mmepewa mashine isiyotoboa masikio, mkatafuta kitu kingine cha kuyatoboa. Nikiwaona nahisi hasira kweli, wala sitanii.

Lakini niseme haki. Denis aliponipa mashine yake nijaribu, nilifyeka kando ya ukuta wake wote kwa kubonyeza kidole. Hakuna kamba, hakuna moshi, nguo hazikunuka petroli. Katikati ya kazi nikasikia jogoo anawika na mke wa Denis anamwita mtoto ndani. Nilisimama. Maisha yangu yote ya kufyeka sijawahi kumsikia jogoo nikiwa kazini. Nilitaka kulia, kwa sababu gani sijui.

Ni wakati huo huo Mwanaidi aliponipigia simu. Mwanaidi ni mke wa Kassim, mama mpole ambaye hapigi simu bila jambo.

"Mtani, njoo umseme mtu wako," alisema. "Juzi bodaboda kampigia honi mpaka kachoka, kaja kumgonga baiskeli kwa nyuma. Kaanguka. Anaapa kwamba honi haikupigwa."

"Hospitali amekwenda?"

"Kaenda. Daktari kamwambia alichobaki nacho akitunze, akiendelea na ile mashine yake kitaondoka chote. Karudi anasema madaktari wa siku hizi wananong'ona."

"Na watoto wake wanasemaje?"

"Mtoto gani amwambie baba yake kwamba ni kiziwi? Mimi mwenyewe nimejaribu, kanuna siku nzima. Wewe ni mtani. Wewe anakusikiliza, au hata kama hakusikii, hawezi kununa."

Kassim alikuwa bado anafyeka, mnajua. Hakustaafu kama mimi. Ana shamba la mikorosho kule upande wa Mzenga, na alikuwa anafyeka la kwake na ya watu, huku akiendelea kutibu mashine za wengine. Ila wagonjwa walikuwa wamepungua. Mwanaidi aliniambia watu wanaleta mashine kwa heshima, yeye anainama, anafumba macho, anatoa hukumu, wanamshukuru, halafu wanapitia kwa fundi mwingine Mlandizi. Wote wanajua isipokuwa yeye. Hilo liliniuma kuliko habari ya baiskeli. Sikio lile ndilo lililokuwa heshima yake, na sasa watu wanamwigizia.

Nikamwomba Denis mashine yake. Jumamosi akanipakia kwenye gari yeye mwenyewe, tukashika njia ya Mlandizi kwenda Mzenga, na mashine imelala kiti cha nyuma, betri mbili pembeni yake. Tulimkuta Kassim anasugua plagi kwa msasa nje ya nyumba. Denis akamwamkia mara mbili. Kassim hakuinua kichwa. Mimi nikapaza sauti.

"We Mzaramo! Mgeni anakuamkia, umekufa?"

Akageuka, akafurahi. "Mpagazi kaja! Umekuja na mzigo gani leo?"

"Nimekuletea mashine isiyopiga kelele, kwa sababu umekuwa kiziwi."

Mwanaidi aliyekuwa mlangoni aliingia ndani haraka. Kassim akacheka kile kicheko cha kwenye utani, kinachotakiwa kuchekwa. "Kiziwi ni nyinyi mnaonong'ona," akasema. Akaishika mashine ya Denis, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha. "Hii ni ya kukatia ndevu."

Tukawekeana masharti. Chini ya mikorosho yake palikuwa pamejaa majani hadi kiunoni, na ni lazima pasafishwe kabla korosho hazijaanza kudondoka, maana korosho ikidondokea kwenye majani marefu ni sadaka kwa panya. Nikamwambia, "Mashine hii tunakuachia uizoee. Tukirudi, ikisafisha kutoka hapa hadi kwenye mpaka wa minyaa, petroli unaiacha, unaniahidi mbele ya mkeo. Ikishindwa, nakubeba mgongoni hadi Mlandizi, mpagazi mimi." Akakubali kwa kupiga makofi. Denis akamwonyesha namna ya kuchaji, taratibu, kwa vidole, na Kassim akaitikia kila neno. Mtu asiyesikia huitikia sana. Sikulifikiria hilo siku ile.

Tuliporudi, Mwanaidi alitupokea bila kututazama usoni. Kassim alikuwa na uso wa mshindi.

"Betri zenu zimekufa," akasema.

"Zimekufaje?" Denis akauliza.

Kassim akanyoosha kidole juu ya paa. Pale juu ya bati, katikati ya makopa ya muhogo yaliyoanikwa, zililala betri mbili za Denis, zimegeuzwa tumbo juu zipate jua sawasawa. Umeme ulikuwa umekatika. Kassim akafanya kama alivyofanya betri za redio maisha yake yote: akazianika zirudishe nguvu. Nyie mmezaliwa na chaja, hamjui kwamba pwani nzima tulianika betri juani, tukaziuma kwa meno, na redio ikapata nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Zile ndogo zilivumilia. Hizi hazikuvumilia. Moja ilikuwa imevimba ubavu mmoja, na nyingine iliwasha taa moja, ikaizima, basi.

Denis alikaa kwenye kigogo. "Mzee, hizi hazianikwi."

"Unasema?"

"HAZIANIKWI JUANI!"

"Kama haziwezi jua la juu ya bati," akasema Kassim, "jua la shambani kwangu zitaliweza vipi?"

Alikuwa na hoja. Jibu lenyewe ni hili, nanyi lisikieni: betri ifanye kazi juani ikilazimika, lakini isilale juani. Ukiitoa kwenye mashine ina joto, iache kivulini ipoe ndipo uichaji. Usiiweke miezi ikiwa tupu kabisa, na usiilaze miezi ikiwa imejaa hadi mwisho. Usiioshe. Na chaja isikae sakafuni, sisimizi wa Kibaha wanapenda kuzaa ndani yake. Iliyovimba usiiguse tena wala usimpe mtoto achezee. Sasa linganisheni na petroli mwone: huku unamwaga mafuta, unaosha chujio, unasugua plagi, kule unatunza betri kama mayai, na siku ikifa huna cha kusugua. Petroli inakusumbua kila siku kidogo kidogo, betri inanyamaza kisha inakuumiza siku moja. Chagueni maumivu yenu.

Denis hakukasirika, ingawa nadhani mkewe hadi leo hajui habari za bati. Alitafuta betri nyingine, na Jumamosi iliyofuata tukarudi. Safari hii nikasema hatumwachii, tunasimama naye hadi kwenye minyaa.

Kassim akaanza kwa kuwasha ile ya petroli, ili kutuonyesha. Ikawaka mvuto wa kwanza, niseme ukweli, maana yeye anaitunza. Ilinguruma pale uwanjani hadi kuku wakakimbia, naye alisimama katikati ya ngurumo hiyo amefumba macho, ametulia, uso umelainika. Nilimwonea huruma ghafla. Nikajua kwamba ile ndiyo sauti pekee ambayo bado anaisikia vizuri, na sisi tumekuja kumnyang'anya.

Nikamgusa bega, akaizima. Akashika ya betri.

Tatizo likaonekana dakika zile zile za mwanzo. Alibonyeza, kisu kikazunguka, yeye akaachia, akasema haijawaka. Akabonyeza tena, akaiinamia, akaweka kiganja kwenye bomba asikie mtetemo. Mtu ambaye alijua ugonjwa wa injini kabla ya kushuka kwenye gari sasa hakujua kama mashine iliyo mkononi mwake inazunguka au imelala. Denis akamwonyesha kwa macho: tazama majani, yakikatika inazunguka. Akaelewa, akaanza kukata, na alikata vizuri, kwa ule mzungusho wake wa kiuno ambao sijaona mwingine akiuweza.

Tulipofika katikati ya shamba, majani marefu yakajisokota kwenye kisu. Kassim akaiteremsha mashine, na Denis, mtu wa kusaidia, akapiga goti ayatoe kwa mkono. Kidole cha Kassim kilikuwa bado kwenye kitufe. Nilikiona. Nilipiga ukelele, Denis akainua kichwa kunitazama mimi badala ya kuondoa mkono, na Kassim hakusikia chochote. Sikufikiri. Niliokota donge nikamtupia Kassim mgongoni kwa nguvu zote. Akaachia mashine palepale na kugeuka, kama alivyogeuka miaka yote kwenye mkuza. Denis akatoa mkono. Kisu kilikuwa kimeanza kutikisika.

Halafu nilimsogelea hadi usoni, nikasema taratibu, midomo nikiifungua aione, "Kassim. Husikii. Ungemkata huyu mtoto. Husikii, na kila mtu anajua." Haukuwa utani, na alijua haukuwa utani. Alitazama vidole vya Denis, kisha akamwambia, "Mwanangu, nisamehe." Denis akasema hakuna shida mzee.

Toka hapo tukaweka sheria, na ndiyo sheria ninayowapa nyinyi mnaosikia vizuri: ya petroli ikinyamaza imezimika, lakini ya betri inanyamaza huku iko hai. Usiguse kisu mpaka betri iko mkononi mwako. Siyo kuzima swichi. Itoe, ishike, ndipo uiname.

Tuliendelea. Kassim hakusema tena habari za ndevu. Betri ya kwanza iliisha, ya pili ikaingia, na jua lilipokuwa limesimama utosini tukaifikia minyaa. Shamba lote nyuma yetu lilikuwa limelala chini, safi, mikorosho imesimama kama imenyolewa. Ahadi ni ahadi. Mwanaidi alikuwa ametufuata na birika la chai na mihogo ya kuchemsha, akasimama pembeni anangoja mumewe aseme.

Kassim akapangusa uso kwa kofia. "Haya," akasema. "Nimeacha petroli. Mwanaidi, umesikia, nimeiacha." Mwanaidi akaweka birika chini na kujifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nikajiandaa kumtania wiki nzima.

"Ila mashine hii ina ugonjwa," Kassim akaendelea, na kile kiburi chake kikamrudia usoni, nikafurahi kukiona. "Nimeisikia toka tumesimama. Inapiga mluzi. Mluzi mwembamba, kwa juu."

Denis akaiinamia pale chini na kuzungusha swichi. "Nimezima, mzee."

"Bado inalia."

Nikatega sikio. Ni kweli, ilikuwa inalia. Mluzi mwembamba usiokatika. Nikaona fahari ya ajabu, kwamba mzee wangu kumbe masikio bado anayo. "Kassim yuko sahihi," nikasema. "Ni huku kwenye kichwa cha gia, hakina grisi." Nikapiga goti niweke sikio karibu zaidi, na Kassim akapiga goti upande wa pili, tukainama wote wawili juu ya lile dude, yeye anaonyesha huku, mimi naonyesha kule.

Denis alichomoa betri. Akaishika juu tuione, kama tulivyokubaliana.

"Mama," akasema, "mashine imekufa kabisa. Betri hii hapa. Mimi sisikii kitu."

Nikamtazama Mwanaidi. Naye akatikisa kichwa, taratibu, kwamba hasikii. Kassim alinitazama mimi, na mimi nilimtazama yeye, na mluzi ulikuwa unaendelea. Ule mluzi naujua. Nausikia kila nikilala, nimeusikia miaka, na siku zote nilijua ni nyenje wa Mbwawa. Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Mwanaidi akamimina chai, akatukabidhi vikombe hapo hapo chini tulipokuwa tumepiga magoti, akasema neno kwa sauti yake ile ya upole. Mimi na Kassim tukamwuliza kwa pamoja amesemaje.